Wakemia Wawili wa Jina Moja

3 Februari

Shangazi yangu mpenzi, somo yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na goti lako, na ile mashine ya kuchanganyia rangi iliyokuziba sikio. Ningekupigia simu, lakini najua utasema hunisikii, halafu utaanza kunipa habari za mteja aliyesimama mbele yako, kwa hiyo naandika. Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, na jirani yangu wa mezani pale ofisini bado anakoroma mchana.

Nina habari, kaa chini kwanza. Unakumbuka nilikueleza kuwa mkataba wangu hapa chuoni unaisha mwezi wa sita. Nikipandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi, nabaki. Nisipopandishwa, narudisha ufunguo wa maabara na kazi yote niliyoianza anapewa mtu mwingine. Kamati inayopandisha watu haina mambo mengi. Inauliza umechapisha makala ngapi, halafu inauliza watafiti wenzako wamezitaja mara ngapi. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi: mtu akitumia kazi yako, anakutaja kwenye makala yake, na kuna tovuti inayokusanya hayo yote na kukuhesabia. Kamati inataka utajwe mara mia moja. Mimi tangu mwaka jana nimekwama kwenye sabini na moja, na baadhi ya hizo, nisikufiche, nimejitaja mwenyewe.

Basi juzi asubuhi nafungua ile tovuti, kama mtu anayefunua sufuria ya maharage huku akijua hayajaiva, nakuta mia tatu. Nikafunga, nikafungua tena, mia tatu. Nikamwamsha jirani yangu. Akasoma, akavaa miwani, akasoma upya, akanishika mkono kama bibi harusi. Kabla ya chai mkuu wa idara alikuwa ameshasikia, akanipongeza kikaoni mbele ya wote, na mimi nikawanunulia soda mafundi wa maabara. Sijui ni makala yangu ipi imependwa hivyo. Nadhani ile ya vichujio vya udongo. Nitaangalia vizuri nikitulia, kwa sasa niache nifurahi.

Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi ujao. Mwambie baba, lakini umwambie taratibu, asije akatoka mbio kutangaza kabla hujamaliza.

Mwanao na somo yako.


14 Februari

Mwanangu, somo yangu,

Marahaba, tena marahaba mara mia tatu. Mimi ni mzima. Goti la kushoto lina maisha yake na mimi nina yangu, tunakutana kwenye ngazi. Sikio nalo nimegundua linachagua. Wanaosifia duka nawasikia, wanaoomba punguzo siwasikii kabisa.

Barua yako niliisomea kaunta, wateja wawili wakingoja bati la rangi ya krimu. Nilipofika kwenye mia tatu nikaanza kusoma kwa sauti. Mmoja wao, fundi rangi mwenye maneno, akauliza mia tatu za nini. Nikamwambia mtoto wa kaka yangu, tena mwenye jina langu mimi, ametajwa na wasomi mara mia tatu. Akauliza wamemtaja kwa mazuri au kwa mabaya. Nikamfutia punguzo lake palepale.

Baba yako nilimwambia taratibu kama ulivyotaka. Haikusaidia. Alitoka mbio amevaa kandambili zangu, na mpaka leo sijui amezisahau kwenye nyumba ya nani.

Umenifurahisha sana, mwanangu. Unajua mimi na kemia tuliachana vibaya. Siku uliposema unakwenda kuisomea nilinyamaza, watu wakadhani nimeridhika, kumbe nilikuwa naogopa. Nilisema moyoni, huyu amebeba jina langu, asije akabeba na bahati yangu. Leo nimeona hukuibeba, na kwa furaha nimepaka mlango wa duka rangi ya chungwa. Wateja wanasema unaumiza macho. Waumie tu.

Sasa niambie hasa walichokipenda. Unaongea kama mzazi anayesema mtoto wake amefaulu lakini hajui yuko darasa la ngapi. Angalia vizuri, kisha uniandikie.

Shangazi yako, mwenye jina.


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Habari za goti na za duka? Mimi mwili mzima, roho ndiyo imepinda.

Nimeangalia. Makala zangu zote ziko palepale zilipokuwa, sabini na moja. Zile nyingine zote, mia mbili ishirini na tisa, ni za makala moja ambayo sikuiandika mimi. Ilichapishwa mwaka ambao mimi nilikuwa sijajua kutembea. Inahusu mifupa ya ng'ombe. Mwandishi anaeleza namna ya kuichoma mpaka iwe mkaa, kuiponda, na kupitishia maji ya visima yenye floridi nyingi, ile inayowaharibu watoto meno na kuwapinda miguu, na maji yakatoka yanafaa kunywa. Ilitoka kwenye jarida dogo lililokufa zamani. Miaka kumi na kitu iliyopita maktaba moja iliyapiga picha majarida yale ukurasa kwa ukurasa ikayaweka mtandaoni, watu wakaanza kuyasoma. Mwezi uliopita ile tovuti ikaona jina, ikaona kemia, ikaona maji, ikaamua kwamba huyu ni mimi.

Jina ni langu lote, la kwanza mpaka la ukoo. Kwa hiyo nauliza, na naomba unijibu bila kuzunguka. Ni wewe?

Maana nyumbani tuliambiwa shangazi alisoma kemia kidogo, ikamchosha, akafungua duka la rangi. Hakuna aliyesema uliwahi kuandika. Na hii haikuandikwa na mtu aliyechoka. Nimeisoma mara tatu na kila mara nimesahau chai yangu ikapoa. Watu mpaka leo wanabishana juu ya joto lililotumika. Wa mwisho kuitaja ni mwanafunzi mmoja wa nchi ya mbali, wa mji ambao siwezi hata kuutamka. Wanamtaja mwandishi kwa jina la ukoo, kama mtu mzito, wakisema tumefuata njia ya fulani, au tumepata tofauti na fulani. Huyo fulani ana jina letu, shangazi.

Huku nimenasa. Mkuu wa idara ameshanipongeza, soda zimeshanywewa, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Nijibu upesi.

Mwanao na somo yako.


17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Baba anasema siku ile barua ilipofika ulifunga duka mchana ukajifungia ndani, na tangu hapo akikuuliza unamwambia habari za brashi. Kama nimegusa pasipoguswa, nisamehe. Niambie tu kama u mzima.

Mwanao.


22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima, usihangaike. Duka nililifunga kweli, jambo ambalo sikufanya hata siku paa lilipong'oka. Nilitaka kulia bila mtu kuniuliza bei ya tina ya kupunguzia rangi.

Ni mimi.

Nilikuwa mtafiti mdogo mwenye koti jeupe lililonizidi. Kulikuwa na visima ambavyo maji yake yaliwapinda watoto miguu, na mimi nilisoma mahali kwamba mifupa ikichomwa inaweza kuyasafisha. Chuoni walininyima tanuri, nikachomea uani. Mifupa niliitoa kwa mwenye bucha na baba yako ndiye aliyeibeba, gunia juu ya baiskeli, na mbwa wa mtaa mzima nyuma yake. Harufu ile sikuelezi. Mwenye nyumba alitupa notisi. Mama yako alikuja kuniletea chakula, wewe uko mgongoni, akafika njia panda akageuka na chakula chake.

Lakini nilipata. Nilirudia mpaka nikachoka, na kila mara maji yalitoka mazuri. Nikaandika, nikampelekea mkubwa wangu. Akasoma kurasa mbili, akanirudishia, akasema, "Hii ni kazi ya bucha, si ya kemia." Nikaituma mwenyewe kwenye lile jarida dogo, wakaichapa. Kisha nikasubiri. Enzi zile mtu akiitaka kazi yako alikuandikia barua akuombe nakala. Kila Ijumaa nilikwenda posta kufungua sanduku. Miaka mitatu, mwanangu, na sikupata hata barua ya mtu aliyekosea anwani. Nikasema basi, nimeelewa. Nikavua koti, nikafungua duka la rangi, ambako ukichanganya vizuri mteja anakuambia hapohapo. Baba yako nilimwapisha asiseme, na nashangaa, maana ni siri pekee aliyowahi kuitunza.

Mia mbili ishirini na tisa. Nimeandika namba hiyo nyuma ya risiti, nimeiweka kwenye mfuko wa aproni, na naichungulia nikipima rangi.

Sasa nisikilize. Zichukue zote. Jina moja, ukoo mmoja, kemia moja, nani atatoka huko aliko aje kuuliza? Mimi nina duka na goti, nitazifanyia nini? Wewe una mkataba unaokwisha. Shangazi akimpa mtoto wa kaka yake kitu chake, huo si wizi, ndiyo ushangazi wenyewe. Wala sikuombi, nakuagiza. Peleka maombi na mia tatu zako, upandishwe, ubaki na maabara yako.

Shangazi yako, mwenye jina.


29 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe, maana sijakukatalia kitu tangu zile nywele ulizonikataza kunyoa, nikanyoa, nikiwa sekondari.

Nimewaandikia wenye tovuti watutenganishe. Waliomba ushahidi. Niliwatumia cheti changu cha kuzaliwa, nikawauliza kama wanaamini mtoto wa miezi minane anaweza kuchoma gunia la mifupa. Walijibu haraka sana. Sasa una ukurasa wako peke yako, makala moja, na chini yake zile mia mbili ishirini na tisa. Mkuu wa idara ana makala arobaini na hajafika hapo. Nilipomwonyesha aliomba aisome.

Nilimweleza yote. Akaniuliza kama najua ninachofanya, nikasema najua. Maombi nimeyapeleka jana, na sabini na moja zangu. Naogopa, shangazi, nisikudanganye. Naipenda ile maabara, na bomba lake linalovuja, na dirisha lisilofungika. Lakini nikichukua zako, wewe unabaki na nini? Unabaki na lile sanduku tupu la posta. Watu wamekuwa wakikuita kwa jina miaka yote hii, halafu mimi niitike? Siwezi.

Nimekutumia kifurushi, nakala za baadhi ya makala zinazokutaja. Zisome polepole. Utaona wengi wanalalamikia jambo moja. Wanafuata maelezo yako neno kwa neno lakini mkaa wao haufanyi kazi vizuri kama wako. Mmoja anasema pengine ng'ombe wa kwenu walikuwa wa aina yake. Mwingine anasema pengine ulikosea kupima.

Mwanao mkaidi.


11 Aprili

Mkaidi,

Marahaba. Goti zima leo, limepona kwa hasira.

Nikosee kupima mimi? Mtu ambaye mpaka leo naweza kukuchanganyia kijivu cha ukuta wako kwa kuangalia kipande cha plasta? Nimesoma kifurushi chote, kalamu mkononi, wateja wakajihudumia wenyewe. Kisha nikatoa jarida langu sandukuni. Nilipolipata zamani nilitazama jina langu juu, nikalifunga, sikulisoma tena. Ukitoka kwenye kusubiri posta miaka mitatu huna hamu. Sasa nimelisoma. Fungua ukurasa wa nne, chini. Pale nilipoandika aya nzima juu ya vyungu, mhariri ameweka tangazo la mizani. Mizani, mwanangu, na picha ya bwana anacheka. Aya yangu ameikata ili yule bwana apate pa kuchekea.

Aya ilisema hivi. Mifupa inachomwa ndani ya vyungu vyenye vifuniko, na vifuniko vinakandikwa udongo pasiwe na tundu. Moto ukizima hufungui. Unaviacha mpaka kesho yake, mpaka chungu ukikigusa kiwe baridi kama ukuta. Hawa wenzangu wote, ninavyowasoma, wanafungua vingali moto ili wawahi kupima. Hewa inaingia, mkaa unageuka mweupe, nguvu inakwisha. Hakuna ng'ombe wa ajabu. Waambie.

Na hilo la kunikatalia zawadi nimelisikia. Nilikasirika mchana mzima, nikamuuzia mtu rangi ya mafuta badala ya rangi ya maji. Jioni nikaazima simu ya baba yako nikaufungua ule ukurasa. Nikaona jina langu, na namba yangu chini yake. Hasira ikaniishia. Usimwambie baba yako kwamba nilibusu kioo cha simu yake.

Shangazi yako, mwenye jina.


8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mzima? Mimi mzima, nimekwisha kulia.

Kamati imekaa. Sabini na moja ni sabini na moja, hawakunipandisha. Lakini mkuu wa idara alisimama akawaeleza habari ya zile nyingine, jinsi nilivyozitoa mwenyewe, na wakaona haya kunifukuza wiki hiyohiyo. Wameniongezea mwaka mmoja. Mwakani watanihesabia tena, na hiyo itakuwa mara ya mwisho. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumalizia kipimo changu.

Na kile ulichoniambia cha vyungu hakinitoki kichwani. Siwezi kuwaambia watu hivihivi kwamba shangazi kasema. Inabidi tuchome, tupime, tuandike, wewe na mimi. Nina likizo mwezi wa saba na nimeruhusiwa kuazima kipimo. Mwambie baba atafute baiskeli yake.

Mwanao.


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Umeondoka Jumapili, harufu haijaondoka. Mwenye saluni jirani anasema wateja wake wanatoka wamependeza lakini wananuka supu. Nimempa bati la rangi ya waridi bure, ametulia. Mbwa bado wanakuja asubuhi kukagua.

Sikukuambia ulipokuwa hapa, nakuambia sasa kwa barua. Siku ile tulipovunja udongo wa chungu cha kwanza nilikaa kando, nikasingizia goti. Nilikuwa nawaza, je kama yule mkubwa wangu alikuwa sahihi? Kama niliota? Halafu nikaona mkaa mweusi tititi. Ukapima, ukaniangalia, ukapima tena. Nilijua kabla hujafungua mdomo. Mwanangu, nimefurahi siku nyingi maishani, lakini siku ile nilirudi msichana. Hata baba yako aliona, akasema nimeanza kuongea kwa haraka kama zamani.

Yeye ana kesi na wewe. Anataka jina lake liwe kwenye makala. Anasema bila yeye mifupa isingefika, mara zote mbili, na kwamba safari hii mbwa mmoja alimrarua suruali. Nimemwambia hajui hata floridi ni nini. Akasema mifupa nayo haijui, mbona imo? Amua wewe, mimi nimeshindwa.

Shangazi yako.


19 Septemba

Shangazi, somo yangu,

Shikamoo. Natumaini harufu imekwisha na mmepatana na saluni.

Cheka na mimi. Mhariri wa jarida amejibu. Anasema kazi ni nzuri na fupi kama inavyotakiwa, ila kwa bahati mbaya tumeandika jina la mwandishi mara mbili, na amelifuta moja. Nikamwandikia kwamba waandishi ni wawili. Akauliza kwa adabu nyingi kama nina hakika. Nikamweleza kuwa mwandishi wa kwanza ni yule wa mifupa, mwenyewe hasa, yuko hai, ana duka la rangi, na mimi ni mtoto wa kaka yake niliyepewa jina lake. Baada ya wiki nzima akajibu kwamba yeye mwenyewe alikutaja ndani ya tasnifu yake akiwa mwanafunzi, na alidhani ulikwisha kufa.

Basi inatoka. Jina la kwanza ni lako, la pili ni langu, ingawa msomaji hatajua lipi ni la nani. Anwani yako nimeweka ya duka. Na mwishoni pana mstari mmoja unaomshukuru mbeba mifupa. Msomee baba, lakini umfichie kandambili zako kwanza.

Mwanao.


12 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nina haraka.

Wamenipandisha. Kamati imekaa jana, mkuu wa idara alikuja mwenyewe mpaka maabara, akasimama kwenye lile bomba linalovuja akalowa kiatu na hakujali. Kundi zima la watu waliokuwa wanahangaika na mkaa mweupe wameisoma makala yetu, wamefunika vyungu vyao, wamepata, na wakatutaja. Pamoja na vichujio vyangu vya udongo nimefika mia moja na nne. Zangu, shangazi. Nabaki. Jirani yangu wa mezani aliamka mwenyewe bila kuamshwa.

Sasa sikia vituko. Leo asubuhi nimefungua ile tovuti nijitazame, nimekuta mia tatu hamsini na kitu. Imetuunganisha tena. Imeona majina mawili sawa kwenye makala moja, ikaamua hawa ni mtu mmoja. Kamati imeshamaliza kazi yake na imehesabu zilizo halali, kwa hiyo safari hii hakuna anayedhurika. Niwaandikie watutenganishe, au tuwaache? Wewe ndiye uliyesema jina moja, ukoo mmoja, utazifanyia nini. Uamuzi nakuachia.

Mwanao, Mhadhiri Mwandamizi.


20 Mei

Mwanangu, Mhadhiri Mwandamizi,

Marahaba kwa heshima zote. Mimi ni mzima, na goti langu ni zima, na sikio limesikia. Nilipofika kwenye neno wamenipandisha nilipiga kigelegele, na yule fundi rangi mwenye maneno akaangusha bati la kijani. Nimempa lingine, tena na punguzo. Baba yako sijui alipo. Ametoka na kandambili zangu.

Nimelia kidogo, nimecheka sana. Umepanda kwa zako, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko kupanda kwenyewe. Ningekuharibia mwaka jana kwa ule mdomo wangu, na wewe ungenitii ningekosa mengi.

Juzi Ijumaa mtu wa posta alikuja dukani. Nilidhani ni bili. Akanipa bahasha yenye stempu ambazo sijawahi kuziona, na jina langu juu yake, na chini ya jina ameandika Mtafiti. Ni yule mwanafunzi wako wa mji usiotamkika. Anasema asante kwa vyungu. Anasema visima vya kwao sasa vinachujwa, na anaomba, kama si usumbufu, nimtumie nakala ya aya ile iliyokatwa, tuliyoitaja kwenye makala yetu. Niliisoma nimesimama. Mteja akaniuliza kama nina brashi za inchi mbili, nikamwambia asubiri, mimi nimesubiri zaidi yake. Nimeshamjibu. Nimempa na ushauri wa bure kuhusu majirani na harufu.

Sasa kuhusu ile tovuti. Waandikie leo hii, usingoje kesho. Wapelekee cheti chako cha kuzaliwa, na changu nimekiweka humu. Watutenganishe. Zako uchukue wewe, na zangu nazitaka mimi, zote, wasinipunguzie hata moja.

Shangazi yako,
Mkemia.